Amri Isiyo ya Watoto

Wengi wetu tulikaririshwa amri ya kuwaheshimu baba na mama katika shule ya Jumapili, tukiwa wadogo mno kuweza kumtelekeza mzazi hata kama tungetaka, na kwa sababu hiyo tumekua tukidhani kwamba ni amri ya watoto. Mtoto asijibizane na mama yake, aamke kwenda kuchota maji bila kusukumwa, apokee kitu kwa mikono miwili. Akishayatenda hayo amri imetimia, na akishaoa au kuolewa imemalizika. Hata hivyo, ukiisoma Kutoka 20 kwa utulivu, utaona kwamba waliosimama chini ya mlima Sinai walikuwa watu wazima. Amri zinazoizunguka hii moja zinamsemesha mtu mwenye watumishi na mifugo ya kupumzisha siku ya Sabato, mtu anayeweza kuua, kuzini, kutoa ushahidi wa uongo na kumtamani mke wa jirani yake. Huyo ndiye anayeambiwa, "Waheshimu baba yako na mama yako; siku zako zipate kuwa nyingi katika nchi upewayo na BWANA, Mungu wako." Wazazi wa mtu wa namna hiyo hawana tena nguvu za kumchapa wala mali ya kumnyima. Wamezeeka, na kama hatawaheshimu hakuna cha kumtisha isipokuwa Mungu mwenyewe. (Sisi Waanglikana huihesabu kuwa amri ya tano, Wakatoliki na Walutheri huihesabu ya nne, mama yangu huiita tu "ile yenye ahadi", kwa kuwa Paulo katika Waefeso 6 anaitaja kuwa ya kwanza iliyofungamana na ahadi.)

Maandiko yaliyobaki yanaliweka wazi jambo hilo. Mithali 23:22 inaonya, "usimdharau mama yako akiwa mzee", na uzito wa onyo hilo umo katika uzee, kwa maana mama kijana hana wa kumdharau kirahisi. Walawi 19:3 inamtaja mama kabla ya baba, jambo ambalo wasomaji wa haraka hulipita bila kuliona. Paulo, akimwandikia Timotheo juu ya wajane, anataka watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuitenda dini nyumbani kwao kwa kuwalipa wazazi wao, kisha anatamka neno ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa kwenye sherehe yoyote ya akina mama: asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani, naye ni mbaya kuliko asiyeamini. Heshima inayozungumzwa hapa ina unga ndani yake, ina kuni, ina mtu wa kulala nyumba moja na mgonjwa. Salamu ya kupiga goti ni sehemu yake ndogo.

Ninaandika kutoka Dodoma, mji ambao kwa miaka michache umejaa watu wenye mama mahali pengine. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulitolewa mwaka 1973, lakini ni tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kwa kweli, ndipo tulipoona ofisi zikisimama Mtumba na nyumba za kupanga zikiongezeka kila upande. Majirani zangu wa Nkuhungu wana mama Bukoba, Tukuyu, Newala. Mimi mwenyewe mama yangu yuko kijijini upande wa Mvumi, mwendo ambao bodaboda huumaliza kabla jua halijawa kali, na bado nimegundua kwamba ukaribu si dawa. Walioko Dar es Salaam, tangu treni ya umeme ianze safari za kuja Dodoma mwaka 2024, wanaweza kupanda asubuhi na kula chakula cha mchana hapa. Udhuru wa umbali umepungua sana. Kilichobaki ni kipaumbele, na hapo ndipo habari ya Korbani inapotuhusu.

Katika Marko 7, Mafarisayo na waandishi waliotoka Yerusalemu wanalalamika kwamba wanafunzi wa Yesu wanakula bila kunawa mikono kwa desturi. Yesu haanzi na mikono. Anawarudishia hoja juu ya wazazi wao. Ulikuwapo utaratibu ambao mtu aliweza kutamka kwamba mali ambayo ingemsaidia baba au mama yake ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, na baada ya tamko hilo walimu wa dini hawakumruhusu tena kuwafanyia wazazi wake neno lolote. Nia yake kwa nje ilikuwa njema kupita zote: anamtolea Mungu. Yesu anaita jambo hilo kulitangua neno la Mungu kwa mapokeo. Ninachokiona cha kutisha katika kisa hiki ni kwamba wanaokemewa si walevi wala wazururaji. Ni washarika wazuri, watu wa kutoa, ambao kama wangekuwa hapa kwetu wangekuwa kwenye kamati ya ujenzi.

Nimekaa kanisani mara nyingi wakati wa sikukuu ya mavuno, na kila anayezijua ibada hizi katika mkoa wetu anajua zinavyokwenda. Washarika huja na madebe ya mtama na uwele, magunia ya karanga, maboga, kuku waliofungwa miguu, na pengine mbuzi anayelia wakati wa mahubiri. Baada ya ibada hufanyika mnada. Kuku mmoja anaweza kununuliwa kwa bei ya kuku watano, akarudishwa, akanunuliwa tena, huku vigelegele vikipigwa na jina la mnunuzi likitajwa kwenye kipaza sauti. Sina neno baya juu ya mnada huo, kwani makanisa yetu mengi yameezekwa kwa njia hiyo. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kushangiliwa kwa kuku huyo wakati mama yake, aliyekaa safu ya akina mama mita chache kutoka kwake, amelitoa debe lake la mtama kutoka katika ghala ambalo halitamfikisha Februari. Hakuna mchungaji anayeuliza, na pengine si kazi yake kuuliza hadharani. Lakini kwa kadiri ninavyoielewa Marko 7, Yesu angeuliza.

Kutofika Februari si usemi wa kupamba. Kwetu Ugogo mvua huanza Desemba na kukoma karibu na Aprili, na kwa mwaka hazizidi sana milimita 500 au 600, tena zinaweza kunyesha kwa mapigo machache na kuacha wiki tatu za ukavu katikati, mtama ukiwa ndio kwanza unachanua. Mavuno ni kuanzia Mei. Kwa hiyo miezi ya Januari hadi Machi ni miezi ambayo ghala linaisha wakati huohuo kazi ya palizi inapohitaji nguvu zote za mwili. Anayetaka kumheshimu mama wa Kigogo na aanzie hapo, kwenye kalenda yake, wala si kwenye kalenda ya mshahara wetu wala ya Krismasi. Gunia la uwele lililonunuliwa Juni, bei ikiwa chini, na kuwekwa ndani kwake, lina faida kuliko fedha tutakazozituma Februari kwa hofu. Paa la tembe linahitaji udongo mpya kabla ya mvua, wala si baada ya ukuta kunyonya maji. Na zile fedha tunazozituma kwa simu, tuulize zinapitia wapi, kwa sababu mama mwenye kitochi asiyeona vizuri maandishi humpa kijana wa jirani simu pamoja na namba ya siri, akaenda kwa wakala, akarudi na kiasi ambacho hakuna mwenye uhakika nacho.

Nimetaja macho, na sipendi kulipita jambo hili haraka. Ugonjwa wa vikope, ambao kitaalamu huitwa trakoma, umewasumbua watu wa mkoa huu kwa vizazi, na Kongwa imekuwa mahali ambapo wataalamu walikuja kuuchunguza kwa miaka mingi. Huambukizwa kwa mikono, kwa vitambaa, kwa nzi wanaotua kwenye uso mchafu wa mtoto, na hukaa zaidi penye uhaba wa maji. Mtu akiambukizwa mara nyingi tangu utotoni, ukope wake huweka makovu upande wa ndani, kisha baada ya miaka mingi hujikunja, na nywele za kope huanza kuikwaruza mboni kila anapopepesa. Wanawake hupata madhara haya zaidi ya wanaume, na sababu inayotolewa na wataalamu ni rahisi na nzito: wao ndio wanaokaa karibu na watoto, wanaowafuta nyuso, wanaolala nao, na hivyo huambukizwa tena na tena. Maana yake ni kwamba bibi anayekaa mlangoni akijing'oa kope kwa kibanio, kama nilivyowaona bibi zangu wakifanya, ameharibiwa macho kwa sehemu kubwa na kazi ya kutulea sisi. Upasuaji wa kurekebisha ukope ni mdogo, na hospitali ya Mvumi ina historia ndefu ya huduma ya macho. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mzima wa familia anayechukua ruhusa kazini, anamshika mama mkono, anakaa naye kwenye benchi hadi aitwe, na kumrudisha nyumbani akiwa na bandeji. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mwenye miaka 60 na kuendelea kuwa mzee na iliahidi matibabu bila malipo kwa wasiojiweza, lakini sera haijui kumpandisha mtu kwenye bodaboda.

Mwezi Mei, Jumapili ya pili, yaani Siku ya Mama, simu zetu hujaa picha za akina mama zenye maua na mstari wa Mithali 31. Desturi hiyo ilianzia kanisani: mwaka 1908 Anna Jarvis, binti wa Kimarekani asiyekuwa na mtoto, alipanga ibada katika kanisa la Kimethodisti la mji wa Grafton kumkumbuka mama yake aliyefariki miaka mitatu kabla, na mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson akaitangaza siku hiyo kitaifa. Baadaye Anna Jarvis huyohuyo alitumia nguvu na mali yake kuipinga, akiwalaumu wauza maua na wauza kadi kwa kuigeuza biashara. Mimi siipingi. Naona tu kwamba mama yangu hana simu ya kuonea picha hiyo, kwa hiyo salamu ile inawafikia rafiki zangu, ambao hawakunizaa.

Sasa nije kwenye suala ambalo katika familia nyingi husemwa kwa kunong'ona: ni nani hasa anayeibeba heshima hii. Kaka hutuma fedha, dada hutuma kanga, na kijijini anabaki binti mmoja, mara nyingi yule ambaye ndoa yake haikudumu au aliyemaliza darasa la saba bila kuendelea, naye ndiye anayechota maji ya kuogea, anayesaga, anayeamka usiku mama akikohoa. Sisi wa mjini humsemesha kwa simu kwa namna ya msimamizi anayemuuliza kibarua: mama amekula, mama amemeza dawa, kwa nini hukutuambia mapema. Ninaposoma Yohana 19 nasimama hapo. Yesu akiwa msalabani anamwona mama yake na yule mwanafunzi aliyempenda, anamwambia mama, "tazama, mwanao", na mwanafunzi, "Tazama, mama yako", na tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Hakuacha posho. Hakuacha agizo kwa watu wote waliokuwapo kwamba washirikiane, maana kazi ya wote haina mwenyewe. Alimkabidhi mtu mmoja anayejulikana na nyumba inayojulikana, na mtu huyo alikuwa amesimama pale pale msalabani. Yule dada wa kijijini ndiye aliyesimama pale, na kwa hiyo yeye naye anastahili kutunzwa na sisi: apumzishwe, alipwe inapobidi bila kuona haya, na neno lake juu ya hali ya mama liwe na uzito kuliko la sisi wenye shahada.

Walioolewa na waliooa wana mama wa pili pia. Ruthu hakuzaliwa na Naomi, lakini aliokota masazo ya shayiri mashambani siku nzima na kumletea mkwewe hata kile kilichobaki alipokwisha kushiba. Mwanamume anayejisifu kwa kumjengea mama yake na kuhesabu nauli ya mke wake kwenda kumwona mama yake mwenyewe ameikata amri nusu.

Kuna upande mwingine wa heshima ambao hauna gharama ya fedha, nao kwetu sisi tuliosoma ndio mgumu zaidi. Katika 1 Wafalme 2, Bathsheba anakwenda kwa mwanawe Sulemani, mfalme, kumpelekea ombi. Sulemani anainuka, anamlaki, anamwinamia, anaagiza mama wa mfalme awekewe kiti, naye anaketi mkono wake wa kuume. Kisha analisikiliza ombi lenyewe, na analikataa. Wahubiri wengi huishia kwenye kiti. Mimi napenda kisa kizima, kwa kuwa kinaonyesha kwamba mtu mzima anaweza kumkatalia mama yake jambo na bado akawa amemheshimu, mradi amempa kiti kwanza na kumsikiliza hadi mwisho. Wako Wakristo ambao mama zao huwataka washiriki matambiko au wampeleke mtoto mgonjwa kwa mganga, na Mathayo 10:37 haiwaachi bila mwongozo: ampendaye baba au mama kuliko Kristo hamstahili Kristo. Wanaweza kukataa. Hawana ruhusa ya kumcheka, kumsimulia kama kichekesho, au kumfungia mlango. Na wako ambao mama aliwaacha wakiwa wachanga na amerudi akiwa mgonjwa. Kwao amri haikuweka sharti la mama mwema, ingawa sidhani kwamba inawadai mapenzi ambayo hayakupandwa. Chakula na dawa inawadai.

Sisi tuliosoma tunakosea kwa kutokuweka kiti. Tunaitisha kikao cha familia juu ya mama, mama akiwa jikoni. Tulipoamua kwamba mama ahamie mjini, tulikuwa tumeshapanga chumba, godoro na daktari, na ni kaka yetu mkubwa aliyekumbuka kwamba tulipaswa kumuuliza. Mama alisikiliza, akashukuru, akasema: "Mjini kwenu nitakuwa mgeni asiyeondoka. Sitakuwa na jembe, sitakuwa na jirani, na nikifa mtanirudisha hapahapa." Hoja zetu zilikuwa na nguvu, na wengine kati yetu bado wanaona angelazimishwa kwa faida yake. Mimi naona kwamba mwanamke aliyeamua mwenyewe kubatizwa, kinyume cha matakwa ya wazee wake, hawezi kuhamishwa na watoto aliowabeba mgongoni kwenda ubatizoni.

Ardhi nayo imeingia katika habari hii, na Dodoma imeingia kwa kishindo. Mashamba ya mtama ya Nala, Ihumwa na Iyumbu, ambayo zamani hayakuwa na mnunuzi, yamepimwa viwanja, na shamba la mama mjane limekuwa mali ya kuzungumzwa na wanawe wakiwa na dalali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Mithali 28:24 inamzungumzia mtu anayemwibia baba yake au mama yake na kusema si kosa, na kila ninapousoma mstari huo nasikia sauti ya mtoto akieleza kwamba shamba lenyewe mama halimfai tena, kwamba atarithishwa mjukuu, kwamba kidole chake gumba kwenye karatasi ni utaratibu tu. Yesu alisema kwamba walimu waliovaa mavazi marefu hula nyumba za wajane. Wajane wetu nyumba zao zinaliwa mara nyingi na watu waliozaliwa ndani yake.

Kisha mama hufa, na hapo fedha huonekana. Kamati huundwa usiku uleule, michango hufika kwa simu, jeneza la vioo hukodishiwa gari, vitenge vya sare hushonwa kwa siku moja, turubai, muziki, mpiga picha wa video, na baada ya mwaka kaburi hujengewa kwa vigae kwenye kijiji ambacho marehemu aliishi chini ya paa linalovuja. Nimeona kaburi lililogharimu zaidi ya nyumba aliyoishi aliyelala ndani yake. Augustino, askofu wa Hipo, anasimulia katika Maungamo yake jinsi mama yake, Monika, alivyougua Ostia mwaka 387, mbali na kwao Afrika, ambako alikuwa ameshajiandalia kaburi kando ya mumewe. Alipoona mmoja wa wanawe ana wasiwasi kwamba atafia mbali na kwao, aliwaambia wauzike mwili huo popote, wasijisumbue kwa ajili yake. Aliwaomba tu wamkumbuke kwenye madhabahu ya Bwana popote watakapokuwa. Mwanamke huyo alikuwa amemfuata mwanawe ng'ambo ya bahari kwa machozi ya miaka, na mwana alikuwa pale kitandani, na ndugu yake alikuwa pale.

Kwa upande wetu, Pasaka iliyopita tuliketi chini ya mbuyu, mama akiwa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, tukagawana: uwele ununuliwe Juni na kaka mkubwa, paa liwe la mdogo wetu wa Morogoro, macho na hospitali yawe yangu, na yule dada aliyeko nyumbani apate mwezi mzima wa kupumzika kila mwaka, mmoja wetu akienda kukaa badala yake. Mama alikubali yote isipokuwa paa la bati, akisema linapiga kelele wakati wa mvua na litamzuia kusikia redio, tukaacha udongo. Mwezi wa dada bado haujapata mtu. Kila mmoja ametaja kazi yake, na mimi nimeomba likizo ya Septemba, ambayo ofisini hawajaijibu.